Masomo ya siku au Biblia nzima? Kwa Mkatoliki wa Lamu mwenye dakika ishirini

Jumapili moja natoka Misa, nimeshika uchochoro kurudi nyumbani, nikamkuta jirani yangu amekaa kwenye daka la nyumba yake. Ni mama wa rika la mama yangu mzazi, na tumezoeana: akipika kitu huniletea, nikichoma mahamri humpelekea. Tukaamkiana, kisha akaniuliza, "Yeo mumesomani kanisani, mwanangu?"

Nikakosa jibu. Nyimbo nilizikumbuka, matangazo niliyakumbuka, na kitenge cha mwanamke aliyekaa mbele yangu ningeweza kukueleza maua yake moja moja. Lakini somo la kwanza, la pili, Injili, vyote vilikuwa vimenitoka kabla sijavuka mlango wa kanisa. Wala hakuniuliza kunisuta. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amefunga juzuu yake, wajukuu wake hutoka chuoni, yaani madrasa, wakisoma kwa sauti walichohifadhi, na kwa hesabu yake mtu akitoka ibadani lazima awe ametoka na neno. Mwezi wa Ramadhani huzimaliza juzuu zote 30. Mimi niliyebatizwa mchanga huko Malindi nilikuwa sijapata kukaa chini na kitabu mkononi nikamaliza hata Injili moja.

Ni miaka sita tangu siku hiyo. Nimejaribu njia tano za kusoma Maandiko Matakatifu nje ya Misa. Mbili niliziacha, tatu ninazo bado, kila moja mahali pake. Nazilinganisha kwa ajili ya mtu mwenye maisha kama yangu: kazi ya alfajiri (mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni), watoto, na dakika kama ishirini za utulivu, siku ikiwa njema. Mtawa au mstaafu huenda akachagua vingine, na atakuwa amechagua sawa.

Kwanza niondoe wasiwasi mmoja niliokua nao. Utotoni nilisikia mara nyingi kwamba kusoma Biblia ni mambo ya walokole, sisi tunayo rozari na sakramenti. Walionena hivyo hawakuwa na nia mbaya, lakini Kanisa halifundishi hivyo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, inawahimiza waamini wote, si mapadri na watawa peke yao, wayasome Maandiko mara kwa mara, na inakumbusha neno la Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Hati hiyo hiyo inasema Kanisa limeyaheshimu Maandiko sikuzote kama linavyouheshimu Mwili wenyewe wa Bwana. Kila nikirudia maneno hayo huwaza taa isiyozimwa ya tabernakulo, pale Ekaristi inapotunzwa kanisani, halafu huwaza Biblia yangu ilivyokuwa juu ya kabati, chini ya madaftari ya watoto, ina vumbi. Hata rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa, hutolewa, kwa masharti ya kawaida, kwa mwamini anayesoma Maandiko kwa heshima nusu saa. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui.

Biblia nzima kwa mwaka mmoja

Nilianzia hapa, kama wengi, na ilikuwa Januari. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya, na sura zake zinapita 1,300. Gawanya kwa siku 365, unapata karibu sura nne kwa siku. Kitabu cha Mwanzo kilinichukua kama jahazi lililopata kaskazi. Abrahamu, Yakobo, Yosefu na ndugu zake: usiku mmoja nilisoma hadi chai ikapoa kikombeni. Kutoka nayo ilikwenda vizuri mpaka bahari inapasuliwa na watu wanavuka. Halafu zikaja sura za vipimo vya hema, mbao na pete na mapazia, na nyuma yake Mambo ya Walawi. Tanga likalala.

Tatizo halikuwa Walawi. Tatizo lilikuwa deni. Nikikosa siku mbili, sura nane zinanisubiri. Ikija wiki ya wageni wengi kazini, hesabu inafika sura ishirini na nane. Februari haijaisha, nikawa nasoma nikiwa na jicho moja kwenye ukurasa na jingine kwenye orodha ya kutia alama, na sikumbuki kwamba wiki zile niliomba hata mara moja kutokana na nilichosoma. Nikaacha, na kwa miezi kadhaa sikufungua kitabu kabisa, kwa aibu.

Hata hivyo sitakwambia ni njia mbaya. Hakuna njia nyingine inayokuonyesha mkeka mzima ulivyosukwa. Ukiipita Walawi kwa haraka, Waraka kwa Waebrania utakuwa kwako fumbo tupu, kwa sababu mwandishi anazungumza na watu wanaojua damu ya sadaka na siku ya upatanisho. Kwa mwenye saa moja ya hakika kila siku, kwa mfano mvuvi ambaye kusi imemfunga nchi kavu, ningesema aianze, lakini aipe miaka miwili au mitatu badala ya mmoja, na kila siku aweke kando ya Agano la Kale kipande cha Injili. Kwa mama mwenye jiko na watoto, hapana. Si mahali pa kuanzia.

Masomo ya siku

Hii ndiyo iliyoniinua. Kanisa limekwisha kutupangia mezani: kila siku ya mwaka ina Injili yake, somo lake na zaburi yake, yale yale yanayosomwa kwenye Misa. Jumapili huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu, Mathayo kwa Mwaka A, Marko kwa Mwaka B, Luka kwa Mwaka C, naye Yohane akisikika zaidi wakati wa Pasaka. Siku za kawaida za juma zina mpango wao. Injili hurudi ile ile kila mwaka: katika kipindi cha kawaida (nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), Marko kwa wiki tisa za mwanzo, kisha Mathayo mpaka wiki ya 21, kisha Luka mpaka wiki ya 34. Somo la kwanza hupokezana kwa miaka miwili: Mwaka wa I ni miaka ya witiri, kama 2025 na 2027, na Mwaka wa II ni miaka ya shufwa.

Maana yake ni kwamba mtu asiyejua aanzie wapi hana haja ya kujua. Na ukikosa jana, hudaiwi. Ni kama mana ya jangwani, ile ya kila siku kwa siku yake, isiyolimbikizwa. Kwangu mimi hili peke yake lilitosha kuamua. Nimekosa siku nyingi katika miaka hii, kwa homa ya mtoto, kwa msiba, kwa uchovu, na kila niliporudi nilikuta meza imeandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Liko na jambo la pili ambalo sisi wa Lamu tunalihitaji kuliko wa miji mikubwa. Jimbo letu la Malindi, lililoundwa mwaka 2000, limetandaa pwani na bara, na padri akiwa safarini Misa ya siku ya juma haipo. Nikisoma Injili ya leo jikoni kwangu, najua ndiyo inayosomwa leo Mpeketoni, na kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Antoni kule Malindi alikobarikiwa mama yangu ndoa yake, na Roma. Siko peke yangu kwenye meza.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Unga wa mahamri naukanda usiku. Saa kumi na moja kasorobo naamka, naukuta umeumuka, nawasha jiko. Mkaa hadi ushike vizuri unataka dakika kumi hivi, na zamani dakika hizo nilizimaliza kwenye simu. Sasa navuta mbuzi ya kukunia nazi, nakaa juu yake, Biblia magotini. Adhana ya alfajiri inaita au imekwisha. Nasoma Injili kwanza, kwa sauti ndogo, mara mbili. Halafu somo la kwanza. Katika zaburi nachukua kiitikio tu, ule mstari mmoja tunaouitikia kwenye wimbo wa katikati, nao ndio ninaokwenda nao kazini. Mpaka karai la pili la mahamri liishe, nimeshaurudia mara nyingi hata watoto wangu siku za likizo huukamata.

Kasoro zake nizitaje, maana zipo. Unapewa vipande. Aya nyingine zinarukwa, na mtu anaweza kujua mifano yote ya Yesu bila kujua mmoja ulitolewa kwa nani na baada ya ugomvi gani. Ukifuata masomo ya Jumapili na ya kila siku mzunguko mzima, utapita karibu asilimia 70 ya Agano Jipya, lakini Agano la Kale, ukiacha Zaburi, ni karibu asilimia 14 tu. Kwa hiyo ninachoongeza ni hiki: Injili ya leo ikinishika, jioni nasoma sura nzima ilimotoka. Na jihadhari na tafakari zilizoandikwa chini ya masomo kwenye simu. Nyingine ni nzuri sana. Lakini niligundua kwamba nilikuwa naruka Injili na kwenda moja kwa moja kwenye maelezo ya padri, kama mtu anayeachiwa wali akala ukoko.

Kati ya hizi mbili za mwanzo, basi, mimi nasema masomo ya siku, bila kusita.

Lectio divina

Jina ni la Kilatini, maana yake usomaji mtakatifu, na huwatisha watu, lakini kazi yenyewe hata asiyesoma shule nyingi anaiweza, akisomewa. Katika karne ya 12 mmonaki mmoja aitwaye Guigo aliieleza kama ngazi ya vidaraja vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na mwisho kutulia mbele ya Mungu bila maneno. Unachukua aya chache. Unazisoma polepole, unarudia, unasubiri neno moja likukamate.

Mimi huifanya Jumamosi alasiri tu, kwa Injili ya kesho yake, nyumba ikiwa imelala. Kila siku siwezi. Nilipojaribu alfajiri, au nilisinzia au mahamri yaliungua, na Mungu hakuniomba niunguze mahamri ya wageni wa watu.

Nitakupa mfano mmoja wa tofauti yake. Injili ya Yohane sura ya 21 nilikwisha kuisikia tangu utoto: mitume wamekesha ziwani bila kitu, kumekucha, Yesu yuko ufuoni. Jumamosi ile niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye moto wa makaa. Walipofika nchi kavu walikuta makaa yanawaka, juu yake samaki, na mkate. Nikaacha kusoma. Kumbe Bwana aliamka kabla yao akawasha jiko. Mimi nimewasha mkaa asubuhi ngapi maishani nikiona ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine? Nililia kidogo, sioni haya kusema. Halafu nikakumbuka kwamba moto wa makaa nilikwisha kuuona mahali kwenye Injili hiyo hiyo. Nikarudi nyuma nikaupata, sura ya 18: uani kwa Kuhani Mkuu, watumishi wanaota moto wa makaa kwa sababu ya baridi, naye Petro amesimama pamoja nao akisema simjui. Aliyemkana Bwana kando ya makaa, kando ya makaa aliulizwa mara tatu kama anampenda. Hilo sikulipata kwenye mahubiri yoyote niliyokumbuka. Nililipata kwa sababu ya kusoma polepole, na kwa sababu miezi ile nilikuwa nimesoma Yohane mfululizo, sura baada ya sura, nje ya mpango wowote.

Kwa hiyo ukiuliza lectio divina au masomo ya siku, jibu langu ni kwamba huu si ugomvi. Moja ni ugali wa kila siku, nyingine ni pilau ya Ijumaa.

Jumuiya

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za waamini majirani, walitupa mahali pa kusomea ambapo hata asiyejua kusoma anasoma kwa masikio. Wengi wetu tunatumia zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kuyarudia, kimya, kushirikishana, kuangalia tufanye nini, kusali.

Udhaifu wake kila mwanajumuiya anaujua. Hatua ya nne, kimya, hukatwa na mtu wa kwanza kukohoa. Hatua ya sita hugeuka kikao cha michango, na Neno likamezwa na hesabu. Na ni mara moja tu kwa wiki. Lakini usiku mmoja tulisoma Marko sura ya 4, dhoruba ziwani, na msomaji wetu, mwalimu kijana kutoka bara, akakwama kwenye neno shetri. Biblia yake inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Akauliza shetri ni nini. Tunaye mzee katika jumuiya, Mgiriama aliyevua maisha yake yote, si mtu wa maneno mengi. Akaeleza kwamba ni kule nyuma ya chombo, kwenye tezi, karibu na mshika usukani, na kwamba hapo chombo kikiyumba unarushwa. Kisha akasema, "Mtu akilala shetri na wimbi linaingia, huyo amechoka mwisho. Basi Bwana alikuwa akichoka namna yetu." Usiku ule kimya kilikuwa kimya kweli.

Peke yangu kwenye mbuzi yangu ya nazi nisingelijua hilo. Usiiache jumuiya, hata kama inakuchosha.

Liturujia ya Vipindi, yaani masifu ya asubuhi na ya jioni, ndiyo njia ya pili niliyoiacha. Zaburi zake zimepangwa kwa wiki nne na zinapendeza sana kusali wawili, mmoja anapokea mwenzake. Mume na mke wasio na watoto wadogo wajaribu. Mimi nilishindwa na kugeuza geuza kurasa.

Biblia ipi, na simu je?

Nyumba nyingi za Pwani zina ile Union Version ya mwaka 1952. Kiswahili chake ni cha watu wa bahari: shetri imo, na sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, Mtume Paulo akivunjikiwa na merikebu, ina tezi na omo kama vile imeandikwa na nahodha. Biblia Habari Njema, ya miaka ya 1990, inasema Yesu alikuwa sehemu ya nyuma ya mashua, na mwalimu wetu asingehitaji kuuliza. Zaburi ya 23 katika tafsiri ile ya kwanza huanza "Bwana ndiye mchungaji wangu". Ya pili, "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu", na jirani yangu nilipomsomea hii ya pili alitikisa kichwa kwa kukubali, neno analijua.

Lakini kabla ya uzuri wa lugha, hesabu vitabu. Novemba moja ya mwaka wa witiri nilikuwa natafuta somo la siku kutoka kitabu cha Hekima. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, nikadhani watoto wamechana kurasa. Kumbe Union Version niliyokuwa nayo ina vitabu 66. Hekima haimo, wala Sira, Tobiti, Yudithi, Baruku na Makabayo mbili, wala hadithi ya Susana tunayoisoma Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima. Kwa Mkatoliki anayefuata masomo ya siku, hilo ndilo la kuangalia kwanza dukani: fungua ukurasa wa orodha, mtafute Tobiti. Habari Njema inapatikana ikiwa na vitabu hivyo na ikiwa bila hivyo, na jalada halikwambii daima. Ukiwa na fedha ya moja tu, nunua yenye vitabu 73, kwa tafsiri unayoielewa. Ile ya zamani usiitupe. Mimi bado naifungua nikitaka kusikia bahari.

Simu ni msaada kwa kujua masomo ya leo ni yapi, na kwa kusikiliza ukiwa na mikono kwenye unga. Kwa kusoma kwenyewe nimeiacha, kwa sababu ujumbe huingia katikati ya Injili na mimi huufungua.

Jambo la mwisho ni la mtu wa visiwani. Biblia na hewa ya chumvi havipatani. Ya kwanza niliyonunua niliibeba mkobani tukivuka kutoka Mokowe siku ya bamvua, wimbi likaingia, na kurasa za Sira zikashikana mpaka leo. Hii ya sasa inalala kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, la saizi ile ile ninayobebea mahamri, pamoja na kalamu na kadi ya kumbukumbu ya mazishi ya mama ninayotumia kuweka alama. Leo asubuhi alama iko Marko sura ya 6.